Fundi anataka kupitisha nyaya za sola kwenye paipu moja na nyaya za soketi. Nimruhusu?

MamaWawili_Kibaha:
Habari za jioni wadau. Tunamalizia nyumba Kibaha, plasta na rangi ya kwanza tayari. Tunafunga sola: paneli 8 za wati 550, zote mfululizo, na inveta ya kilowati 5 itakaa stoo karibu na DB (kisanduku cha breka). Kutoka darini kushuka stoo kuna paipu moja tu ya milimita 25, tayari ina nyaya za milimita za mraba 2.5 za soketi za jikoni. Fundi anasema nafasi ipo, atavuta za paneli humohumo bila kukata ukuta. Mume wangu anamuunga mkono, hataki plasta iguswe. Mimi roho inasita, maana watoto wanalala chumba kilichopakana na stoo. Fundi anarudi Jumamosi, naombeni ushauri mapema.

Ndundu:
Dada, waya zote zina ganda, mwache afanye kazi. Nyumba nyingi zimefungwa hivyo na zinawaka mpaka leo.

FundiSola_Moro:
Kuwaka si kipimo cha usalama. Dada, mzuie.

Paneli moja ya wati 550 isipokuwa na mzigo hutoa volti karibu 50. Nane mfululizo ni volti 400 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa nyumba, ule wa AC, hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ikianza hupata nafasi ya kuzimika. DC haina sifuri hiyo. Nyaya zikisuguana wakati wa kuvutwa, hasa kwenye kona, ganda likachubuka, cheche itakayowaka hapo itaendelea kuwaka huku inayeyusha paipu. Na fyuzi isikupe moyo: paneli hizo zikipigwa shoti hutoa ampea kama 14, wakati kazi ya kawaida ni 13. Fyuzi haioni tofauti hapo. Moto utalishwa mpaka jua lizame.

Linaloniuma zaidi ni hili. Siku soketi ya jikoni ikisumbua, ataitwa fundi mwingine asiyejua historia ya nyumba. Atazima meni swichi, atapima soketi, ataona hakuna kitu, kisha ataingiza koleo kwenye nyaya tano zilizo pamoja. Mbili kati ya hizo zina volti 400, kwa sababu meni swichi haizimi jua.

MamaWawili_Kibaha:
Asante kaka. Nimemsomea fundi, anasema waya wa sola una ganda mara mbili, hauwezi kuleta shida.

Wanjiru_Nakuru:
Hapo fundi wako ana hoja, tusimwonee. Waya halisi wa sola, ulioandikwa H1Z2Z2-K, unahimili volti 1,500 za DC. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinaruhusu kuchanganya ikiwa kila waya ndani ya paipu una ganda la kutosha kwa volti kubwa kuliko zote zilizomo. Za Marekani, NEC kifungu cha 690, zinakataa mpaka kuwe na kizuizi katikati.

Lakini kuna joto. Waya wa 2.5 wa PVC ndani ya paipu hubeba ampea 24 hewa ikiwa nyuzi 30. Dari chini ya bati mchana ikifika nyuzi 50, zidisha kwa 0.71. Sakiti mbili zikikaa paipu moja, zidisha tena kwa 0.80. Unabaki na ampea chini ya 14, na breka ya soketi bila shaka ni ya 20. Birika na jiko la umeme vikiwaka pamoja waya utaungua taratibu na breka haitakata. Kwa hiyo hata za jikoni zenyewe zitaumia.

MamaWawili_Kibaha:
Basi nimeelewa, na mume wangu amesoma pia. Tufanye nini bila kubomoa?

FundiSola_Moro:
Shusheni kwa nje. Stoo ina ukuta wa nje? Paipu yake peke yake, ya chuma au ya plastiki inayohimili jua, kutoka kwenye paa mpaka usawa wa inveta. Chanya na hasi zipite pamoja, msizitenganishe paipu mbili, maana kitanzi kipana kati yake hunasa msukumo wa radi. Paipu ikiwa ya chuma iungwe eathi. Bandikeni maandishi "SOLA, DC" juu, katikati na chini.

Karibu na inveta wekeni swichi ya kukatia iliyoandikwa DC na volti zake, pamoja na kinga ya radi ya DC. Breka ya kawaida ya AC hapana kabisa. Nyaya za betri nazo zisichanganywe: kilowati 5 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 100, ziwe nene na fupi. Fundi akuonyeshe pia leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

MamaWawili_Kibaha:
Ukuta wa nje upo, upande wa tangi la maji. Tundu la kuingilia stoo halitaingiza mvua?

FundiSola_Moro:
Litobolewe likiinama kuelekea nje, waya upinde chini kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke hapo, kisha lizibwe kwa silikoni. Konekta za paneli ziunganishwe mwisho kabisa, swichi ya DC ikiwa imezimwa.