Bunduki haishiki shabaha tangu masika: nilaze chuma kwenye epoksi, nichongeshe ubao wa mninga, au ninunue wa plastiki?

Mwana wa Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Nina bunduki ya bolti niliyorithi kwa marehemu mzee, leseni imeshahamia jina langu, naitumia kwa nguruwe wanaoingia shamba la mahindi. Siku zote risasi tatu zilikaa ndani ya kiganja kwa mita 100. Tangu mvua zianze zinatawanyika upana wa sinia. Darubini nimebadilisha, wapi! Nimeambiwa chuma (pale mtutu na bolti vinapokutana) hakijakaa vizuri kwenye ubao, ule mti unaokibeba hadi begani. Njia ninazoziona ni tatu: kulaza chuma kwenye epoksi (gundi inayokauka ngumu ikashika umbo lake), kuchongesha ubao mpya wa mninga kwa seremala wa Ngamiani (kasema laki tatu na nusu), au kuagiza wa plastiki Arusha, bei inakaribia milioni. Nataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzee wa Pongwe
Mdogo wangu, umeandika yote isipokuwa tunayoyahitaji. Bunduki gani? Risasi za ukubwa gani? Skrubu za chini umezigusa lini? Zinapotea tangu ya kwanza au mtutu ukishapata moto?

Patasi na Randa
Mgosi, mninga usiuwazie mara mbili. Ukikauka sawasawa haupindi wala hauvimbi kama miti mingine. Ila uwe mkavu kweli, siyo ubao uliolala yadi wiki mbili. Mbao za walnati za Ulaya zinapendeza, lakini huku pwani kila masika zinakunywa maji.

Bint Pangani
Plastiki kaka, umalize. Hewa ya chumvi na ubao haviishi nyumba moja.

Patasi na Randa
Plastiki ya bei rahisi inanesa mbele. Ukiegemeza kwenye mfuko wa mchanga inagusa mtutu, umerudi ulikotoka na milioni huna.

Mwana wa Chumbageni
Samahani Mzee wangu, shikamoo. Ni BRNO, .375. Skrubu sijawahi kuzigusa, naogopa kuharibu. Ya kwanza inakwenda vizuri, ya pili na ya tatu zinapanda kushoto.

Mzee wa Pongwe
Marahaba. Sasa tunaongea. Toa risasi, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, halafu chukua noti ya elfu moja, ipitishe kati ya mtutu na ubao kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikikwama, ubao umevimba na unausukuma mtutu. Mtutu ukipata moto ndiyo unazidi kusukumwa. Hapo msasa tu, shilingi mia chache.

Ikipita, weka kidole pale ncha ya ubao inapokutana na mtutu, ulegeze skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia chuma kinaruka, kilikuwa kimepindishwa kwa nguvu ya skrubu, na hapo epoksi ina kazi. Angalia pia boksi la risasi lililomo ndani ya bunduki: likiwa refu kuliko nafasi yake, skrubu zinakaza boksi badala ya kukaza chuma. Watu wengi hulisahau hilo.

Kwamsisi Juu
.375, risasi iliyotoka 1912, ile ya nyati, wewe unapiga nguruwe wa shamba la mahindi? Unabakiza nini cha kula?

Bint Pangani
Kwani nani kasema anakula 😂

Mwalimu wa Muheza
Kabla hujaenda kwenye epoksi nisikilize. Mwaka juzi nilimpa jamaa mmoja aliyejiita fundi alaze chuma cha bunduki yangu ya 30-06. Kazi yenyewe inataka upake nta kila mahali chuma kinapogusa gundi, hata kiwi ya viatu inatosha, na mashimo yote uyazibe. Yeye akapaka juu juu, akaruka kwenye jino la chini, lile linalopokea teke la bunduki ikilia. Kesho yake chuma na ubao ni kitu kimoja. Akaleta nyundo! Nikamnyang'anya. Mzee mmoja akanishauri niiweke kwenye baridi kali, chuma na gundi visinywee sawasawa. Friza ya kutosha anayo shemeji yangu, muuza samaki. Nikakaa pale usiku kucha kwenye ndoo, maana silaha siyo ya kumwachia mtu asiye na leseni, na yeye anapanga changu pembeni ya mtutu wangu. Asubuhi tukagonga kwa kipande cha mti, ikaachia, na kipande cha ubao kikatoka nacho. Hadi leo mtutu ukipata moto nasikia shombo.

Patasi na Randa
Ndiyo maana nasema mletee seremala ubao peke yake. Chuma kibaki kabatini kwako kimefungwa.

Mwana wa Chumbageni
Noti imekwama robo tatu ya njia, kushoto. Kuna jambo nilisahau: nyuma ya bolti, pale chuma kinapoishia, pana ufa kama urefu wa kidole.

Mzee wa Pongwe
Umesahau?! Hilo ndilo lilikuwa la kwanza! Usipige tena. Jino la chini halikai, teke lote linabebwa na mkia wa chuma, unapasua ubao kama kabari. Ufa utiwe gundi na pini, nyuma ya mkia pafunguliwe upenyo wa unene wa kadi ya benki, ndipo jino lilazwe kwenye epoksi. Na kama umekuwa ukiisimamisha kabatini mtutu juu, mafuta yameshuka yakalainisha mti. Gundi haishiki hapo mpaka yafyonzwe.

Patasi na Randa
Au mninga mpya.

Bint Pangani
Au plastiki.

Kwamsisi Juu
Au mbwa wanne. Nguruwe hawaji.

Mwana wa Chumbageni
Jumamosi nafungua nione ndani. Mzee, skrubu nizikaze kiasi gani nikirudisha?

Mzee wa Pongwe
Ubao mtupu bila nguzo ndani (vibomba vya chuma vinavyozunguka skrubu), nyutonimita 4 hivi, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Zikiwemo nguzo unaweza kufika 7. Bisibisi ijae kwenye mfereji, isiutafune.

Mwana wa Chumbageni
Na ile noti ya elfu, iwe mpya au hata iliyochakaa?

Mwalimu wa Muheza
Yoyote, mradi siyo ya mkopo.