Naomba ushauri: MySQL inakataa PHP ya laptopu yangu

Hamjambo wadau. Nina kijiduka cha vipuri vya magari hapa Kirinyaga Road, na stoki naiweka kwenye MySQL (programu ya hifadhidata) kwa skripti niliyojiandikia kwa lugha ya PHP. Kila kitu kilipokuwa kwenye laptopu moja, mysqli_connect, amri ya PHP ya kuunganisha na MySQL, ilifungua bila maneno. Wiki jana nikahamishia hifadhidata kwenye kompyuta ya Linux iliyo stoo, ndipo matata yakaanza.

Kwanza nilipata kosa 2002, muunganisho umekataliwa. Kwenye faili ya mipangilio nikakuta bind-address (anwani ambayo seva inasikilizia) ni 127.0.0.1, yaani seva ilikuwa inajisikiliza yenyewe tu. Nikaweka anwani yake ya ndani, 192.168.1.20, nikaiwasha upya. Sasa napata 1130: laptopu yangu hairuhusiwi. Angalau mlango upo, ila bawabu hanijui. Pasiwadi si tatizo, maana nikikaa kwenye ile kompyuta ya stoo naingia vizuri. Nimechungulia jedwali la mysql.user, lenye orodha ya watumiaji na kompyuta wanazoruhusiwa kuingilia: mtumiaji wangu yupo mara moja tu, na kando yake localhost, yaani ile kompyuta ya stoo yenyewe.

Je, nimwongeze kwa anwani ya laptopu pekee, au kwa 192.168.1.%, yaani anwani yoyote inayoanza na 192.168.1? Ruta hugawa anwani upya stima ikipotea, na mnajua stima zetu. Ile % tupu, inayoruhusu kompyuta yoyote, naiogopa.

Pili, ruta hiyo natumia pamoja na kinyozi wa jirani, na wateja wake wote wana pasiwadi ya WiFi. Kuna haja ya kulazimisha TLS (kusimba mawasiliano yasisomwe njiani) kwa mtumiaji wangu huyo wa MySQL?