Manowari inastaafu ikiwa na miaka mingapi? Tuanze na Liemba

Kasulu_Juu (mleta uzi): Wakuu, nina swali. Waingereza walipobuni fregeti zao (manowari za ukubwa wa kati) za Type 23 walipanga zitumike miaka 18. Kuna zilizopita 30 zikiwa kazini. Zile za Marekani za kubeba ndege, aina ya Nimitz, zilipangiwa miaka 50. Sisi tuna Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, iliyoshushwa majini na Wajerumani Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafungwa mizinga, ikapigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Imevuka karne na bado tunazungumzia kuikarabati. Ni busara hiyo au mapenzi tu? Mimi naona iwe makumbusho, ijengwe mpya. Hoja tafadhali.

Mgebuka_Mkavu: "Sisi tuna"? Mtu wa Kasulu ziwa unaliona kwenye kalenda ya ukutani, leo unatupangia meli iende makumbusho! Njoo Kirando au Kipili uwaambie akina mama wenye magunia ya dagaa wapande makumbusho.

Kasulu_Juu: Nimesoma sekondari Kigoma mjini miaka minne, ndugu. Jibu hoja.

Mgebuka_Mkavu: Miaka minne ya kula migebuka ya watu haikufanyi mwenyeji.

Nahodha_wa_Kochi: Jamani, hiyo si manowari. Imeundwa na Meyer kule Papenburg mwaka 1913 iwe ya abiria na mizigo. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye makreti kama 5,000, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa reli. Vita vikaikuta hukohuko. Kuiita manowari ni kama kuiita bodaboda kifaru kwa sababu imempakia mgambo.

Mjukuu_wa_Ujiji: Bodaboda gani ina mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyofia Rufiji? Usitudharaulie meli.

Nahodha_wa_Kochi: Huohuo mzinga ulitolewa ukapelekwa kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nchi kavu, wakafunga gogo lililochongwa kama mzinga. Manowari yako ilikuwa inatishia watu kwa gogo.

Mjukuu_wa_Ujiji: Na wakatishika! Mwingereza Spicer-Simson, aliyekuja na viboti viwili vilivyoitwa Mimi na Toutou, aliikamata Kingani ya Wajerumani, kisha akaizamisha Hedwig von Wissmann yao, lakini Goetzen hakuisogelea. Gogo letu lina heshima zake.

FundiRibiti: Niingie kama mtu aliyeshika nyundo chelezoni. Umri wa meli hausomwi kwenye cheti cha kuzaliwa. Unapima unene wa mabati ya bodi sehemu kwa sehemu. Lililoliwa unalikata, unaweka jipya. Liemba ina bahati mbili. Kwanza inaelea kwenye maji baridi. Chumvi ya bahari ndiyo mla chuma mkubwa. Pili ilikuja vipande, ikaunganishwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zinazopigwa nyundo, kwa hiyo inafunguka.

Manowari za kisasa zinastaafu kwa sababu nyingine pia. Bodi linaweza kuwa zima, lakini rada imepitwa, makombora yamepitwa, na ukitaka kupitisha nyaya mpya hakuna nafasi. Liemba haidaiwi rada ya vita. Inadaiwa injini, pampu na maboya. Stimu iliondolewa miaka ya 70 ikawekwa dizeli, na Wadenmark waliitengeneza tena 1993.

Kuhusu kuzama: Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 26, 1916, Wabelgiji wakiwa mlangoni. Mafundi walioiunganisha ndio walioipaka injini grisi nene kabla ya kuishusha chini. Waingereza walipoiibua 1924 injini zilikuwa bado zinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini.

Mjukuu_wa_Ujiji: Grisi? Babu yangu alisema ni mawese. Mkoa unaogelea kwenye mawese, grisi ya nini?

Nahodha_wa_Kochi: Mawese! Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Miaka yote hiyo chini ya maji, mawese?

Mgebuka_Mkavu: Unacheka nini? Mawese yakipoa yanaganda. Mama yangu anahifadhi samaki kwa mawese.

Nahodha_wa_Kochi: Samaki si pistoni, dada.

Mgebuka_Mkavu: Nani dada yako?

FundiRibiti: Ni grisi, wakuu. Tuendelee.

Mjukuu_wa_Ujiji: Fundi, ulikuwepo? Wazee wa Ujiji walikuwepo. Historia yetu ikisimuliwa na Mjerumani ni kweli, ikisimuliwa na babu ni kichekesho.

Nahodha_wa_Kochi: Hakuna aliyemtukana babu. Tumetilia shaka mafuta.

Kasulu_Juu: Swali langu lilikuwa umri. MV Bukoba ilizama 1996, tukasema tumejifunza. Tunangoja nini?

FundiRibiti: Bukoba ilikuwa na miaka kama 17. Kivuko cha Nyerere kilichozama Ukara 2018 kilikuwa cha 2004. Vyote vijana mbele ya Liemba. Kilichoviponza ni kujaza watu kupita kiasi. Kama unaogopa umri, unaogopa kitu ambacho siyo. Na MV Victoria ya 1961 ilikarabatiwa ikarudi kazini, mbona hukuipeleka makumbusho?

Kasulu_Juu: Kwa hiyo mnataka iendelee mpaka lini? Warusi wana Kommuna, meli ya uokoaji ya 1913, kwenye jeshi lao la majini, sawa, lakini Warusi wana meli nyingine nyingi. Sisi tukiishangilia hii, hatujengi mpya. Hapo ndipo sikubaliani na Fundi.

FundiRibiti: Hapo nakuunga mkono nusu. Mpya ijengwe. Lakini usiue ya zamani kabla mpya haijapiga honi Kasanga. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani pasipo na barabara, ni hii "makumbusho" iliyowavusha mpaka Kigoma.

Mgebuka_Mkavu: Asante. Na ukiihesabu vizuri, kazi ya vita haikufika miaka miwili. Mingine kadhaa ililala chini. Iliyobaki yote ni yetu, ya magunia na kushuka kwenye mitumbwi usiku, mtoto mgongoni, kuku mkononi. Sasa Kasulu anakuja na Nimitz.

Kasulu_Juu: Naomba msamaha kwa kuzaliwa milimani.

Nahodha_wa_Kochi: Kwani lita ya mawese siku hizi bei gani huko? Naulizia injini.

Mjukuu_wa_Ujiji: Nimempigia mjomba. Anasema babu hakusema injini ilipakwa mawese. Alisema Wabelgiji walipoingia Kigoma waligombania mapipa ya mawese. Nilichanganya. Lakini hilo la gogo silikubali mpaka nione picha.

Nahodha_wa_Kochi: Picha ya gogo au ya mzinga? Vinafanana, ndiyo maana Spicer-Simson alikaa mbali.