Mrejesho: kidole cha mdogo wangu kimeanza kukunjika

Wakuu, nimerudi. Niliwaeleza habari za mdogo wangu, fundi seremala, aliyekatwa na msumeno kidole cha shahada upande wa kiganja. Zahanati walishona ngozi tu, kidole kikagoma kukunjika. Mkaniambia kano (ule uzi mgumu unaovuta kidole kikunjike) imekatika, tusisubiri kidonda kipone, twende hospitali. Asanteni sana!

Alipasuliwa kuungwa kano siku ya tisa baada ya kuumia, hospitali ya rufaa. Kabla ya hapo daktari bingwa aliwaita madaktari wawili wanaojifunza, akamlaza mdogo wangu mkono juu ya meza, kiganja juu. Vidole vyote vilijikunja kidogo vyenyewe, hicho kimoja kimenyooka kabisa. Akawaambia dalili ni hiyo, hata kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kazi kubwa ilikuja baadaye. Gango (kibao cha kushikilia mkono) nyuma ya mkono wiki 6, na mazoezi mepesi tangu siku za mwanzo, maana kano ikitulizwa mno inagandamana na nyama, ikivutwa kwa nguvu inakatika upya. Kubeba vizito marufuku mpaka wiki ya 12.

Leo ni wiki ya 14. Ncha ya kidole bado haigusi kiganja, ila jana ameokota msumari sakafuni mwenyewe. Mama alilia.