Naomba ushauri: hesabu ya muda wa ndege Nairobi–New York haifiki saa 15

Habari zenu wakuu. Naandaa jedwali la umbali na muda wa safari za ndege, na mstari wa JKIA hadi JFK umenigomea.

Umbali wa njia fupi juu ya mviringo wa dunia unakuja karibu km 11,840. Nikigawa kwa mwendo wa km 900 kwa saa napata saa 13 na dakika 10. Nikiongeza nusu saa ya kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, ni 13:40. Ratiba ya ndege ya moja kwa moja kwenda New York ni takriban saa 15, kurudi takriban 14.

Tofauti ya majira (saa 8, au 7 kuanzia Machi hadi Novemba) nimeshaitoa, kosa haliko hapo. Nimejaribu pia upepo wa mbisho wa km 50 kwa saa: mwendo unashuka hadi 850, jumla inakuwa 14:26. Afadhali, lakini nikiugeuza uwe upepo wa nyuma, kurudi kunatoka 12:58, yaani naikosa ratiba kwa saa nzima. Kwa hiyo upepo peke yake hautoshi; kuna kitu kinachoongeza muda pande zote mbili.

Maswali yangu:

Njia halisi huzidi ile fupi kwa asilimia ngapi kwenye safari ndefu hivi?

Na foleni ya JFK, mnaiwekea dakika ngapi?