Viti vya mninga vinalegea tena baada ya kupigwa gundi, tatizo nini?

Uyole_Juu: Wakuu, salaam. Nina viti sita vya mezani vya mninga, vya zamani, mbao bado nzima ila viungo vya miguu ya nyuma vinacheza. Mwezi wa sita fundi alimimina gundi nyeupe kwenye nyufa, akapigilia misumari ya inchi 2, akapaka laka. Agosti vikaanza kuyumba upya, mguu mmoja umepasuka pale penye msumari, na laka imetoa ukungu mweupe. Naanzia wapi? Niko Mbeya mjini.

Patasi Kali: Gundi nyeupe haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka, inataka mbao tupu. Kwa hiyo lazima ubomoe. Kwanza andika namba kila kiungo kwa penseli, maana kila ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa kuingia kwenye mbao nyingine) una tundu lake. Ng'oa misumari yote kabla hujagonga kitu, kisha gonga kwa nyundo ya mbao ukiwa umeweka kipande cha paina katikati. Kiungo kikigoma, kidondoshee siki ya moto, subiri kama robo saa, jaribu tena. Usilazimishe.

Kwangua gundi ya zamani kwenye ulimi na ndani ya tundu mpaka uone rangi ya mninga. Kwangua gundi tu, usile mbao. Acha vikauke usiku mzima kama umetumia siki. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, funga barakoa.

Kuunga: paka pande zote mbili, ulimi na tundu. Huna klampu? Kata tyubu ya baiskeli iwe mikanda, zungushia miguu ukiivuta kwa nguvu usawa wa kiungo. Simamisha kiti kwenye sakafu iliyonyooka, pima pembe kwa pembe, mshazari mmoja kisha wa pili. Vipimo visipolingana kiti kimekwenda upande, kisukume sasa hivi kabla gundi haijashika. Usikikalie kabla ya saa 24.

Ule mguu uliopasuka, ingiza gundi kwenye ufa kwa wembe, ubane hivyohivyo.

Mafinga Mbao: Yote sawa, ila hamjagusa mwezi wenyewe. Juni! Gundi nyingi za aina hiyo hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10 hivi, na usiku wa Mbeya wa Juni unashuka zaidi ya hapo. Ikikauka kwenye baridi inakuwa nyeupe kama chaki na inabomoka kwa ukucha. Angalia ile unayokwangua, utajua. Fanya kazi saa tano asubuhi, mbao na chupa ya gundi vikiwa vimekaa juani, halafu viti vilale ndani. Ila msiweke jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa eti kupasha gundi, hilo linaua watu.

Uyole_Juu: Nimebomoa kimoja. Gundi ni chaki kweli. Ulimi unacheza kama milimita 2, nichanganye gundi na vumbi la randa?

Patasi Kali: Hapana, uji huo hauna nguvu. Bandika kibao chembamba cha mninga kila upande wa ulimi, kikikauka chonga mpaka uingie kwa kusukuma na kiganja. Ukihitaji nyundo umebana mno, tundu litapasuka. Epoksi inaziba mwanya, ila atakayekuja kukikarabati kiti hicho baadaye atakulaani. Kisha weka vipande vya mbao vya pembetatu kwenye kona chini ya kikalio, skrubu mbilimbili, ukitoboa kwanza. Mtu akiegemea nyuma, nguvu yote inaishia kwenye viungo vya miguu ya nyuma.

Mafinga Mbao: Ukungu wa laka ni unyevu. Thina ikiruka inapoza uso wa mbao, maji ya hewani yananasa humo. Siku kavu, mchana, pitisha thina kidogo sana kwa kitambaa safi, mkono mwepesi; mara nyingi unapotea. Ukibaki, piga msasa namba 240 upake upya. Masika usijaribu kabisa.