Tiketi inasema Mwanza–Dar "moja kwa moja" saa 1 na nusu, tumefika baada ya saa 3 na robo!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Jumanne nilikuwa namleta mama kliniki Dar. Ana miaka 71, ana kisukari, anachoma insulini. Mgonjwa wa hivyo huwezi kusafiri naye kwa kukisia. Mtandaoni niliona Mwanza hadi Dar ni kilomita kama 850 kwa mstari ulionyooka, saa 1 na dakika 30 hewani. Sikutosheka, nikawapigia wenye ndege. Dada akanijibu, "Ni moja kwa moja, kaka." Tiketi: kuondoka saa 3:20, kufika saa 4:50. Basi mama akachoma sindano saa 1 asubuhi, akanywa uji, nikahesabu saa 5 anakula Dar. Ndizi zake zikaenda na begi la chini.

Milango imeshafungwa ndipo tunatangaziwa kwamba tunapitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuchukua abiria. Dakika 25 tu, wakasema. Tumekaa pale dakika 55, hakuna kushuka, hakuna hata maji.

Sukari ya mama ikashuka, akaanza kunyamaza. Nikamshika mkono, umelowa jasho, vidole vinatetemeka, na ananiita kwa jina la marehemu kaka yangu. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa kiti cha nyuma aliyekuwa na juisi ya mtoto wake. Mungu ambariki popote alipo. Mhudumu alikuja baadaye na pipi mbili.

Dar tumetua saa 6:35. Nimekwenda kaunta, naambiwa: "Lakini ni moja kwa moja, hamkubadilisha ndege."

Hapo ndipo nilipowaka. Kumbe kwao "moja kwa moja" maana yake hubadilishi ndege, hata ikitua njiani! Abiria gani wa Mwanza anaelewa hivyo? Sisi tunaelewa inaruka hapa, inatua kule, basi.

Na wasijitetee kwa umbali. Mwanza–KIA ni kilomita kama 470, KIA–Dar kama 450. Jumla 920, yaani mzunguko umeongeza kilomita 70 hivi. Hizo si kitu. Muda unaliwa na kushuka, kuteremsha watu, kupakia mizigo, kusubiri ruhusa na kupanda tena angani. Halafu ile saa 1 na nusu wanayotangaza inategemea na ndege. Jeti inakata kilomita 800 na ushee kwa saa; pangaboi, yaani ndege ya mapanga kama tuliyopanda sisi, ni 500 hadi 650. Abiria anajulishwa saa ngapi kwamba ni pangaboi? Anaiona akiwa anatembea kuifuata.

Wakibadilisha njia, namba yangu wanayo. Ujumbe wa kunikumbusha niwahi uwanjani walituma usiku. Wa kuniambia tunapitia KIA ulishindikana nini? Ningebeba ndizi mkononi, yangeisha.

Ijumaa tunarudi. Tiketi imeandikwa vilevile, saa 1 na dakika 30. Leo nimepiga simu kuuliza kama siku hiyo itatua popote njiani. Nimejibiwa nitajua nikifika uwanjani.

Kuna aliyewahi kuwabana watu wa namna hii akapata jibu la maandishi? Alipitia wapi?